Maswali ya Wasomaji: Mvua Inyeshe Nyeri, Mafuriko Yafike Garsen

Barua tulizopokea kutoka Kaunti ya Tana River ni nyingi kiasi kwamba tumeamua kuwaachia wakazi wake ukurasa wote wa toleo hili. Kaunti hiyo ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na kabla wafugaji hawajapata kurudisha hata nusu ya mifugo waliyoipoteza, ikapigwa na mafuriko ya vuli ya 2023 na tena ya masika ya 2024. Barua tano zilizochaguliwa zimefupishwa, na majina ya waandishi hatukuyachapisha.

*Mimi ni mama, mkulima wa mpunga na ndizi katika Delta ya Tana, upande wa Garsen. Mwaka 2023 maji yaliingia shambani na hatimaye ndani ya nyumba, ilhali kijijini kwetu mvua ilikuwa imenyesha siku chache tu. Majirani husema kwamba mabwawa ya juu yalifunguliwa makusudi. Je, ni kweli? Na kama maji hutoka huko mbali, kwa nini hatujui mapema?*

Mama, jambo uliloliona kwa macho yako ndilo msingi wa mafuriko yote ya Tana, na ningependa kulieleza kwa kirefu kwa sababu anayelielewa hupata siku kadhaa za kujiandaa ambazo asiyelielewa hazipati. Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini, unapoingia katika Bahari ya Hindi. Maji yake mengi hupatikana huko juu, katika kaunti za Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru. Ukishapita Garissa, hakuna tena mto mwingine usiokauka unaojiunga nao. Kwa hiyo mbingu za Garsen zinaweza kuwa nyeupe kabisa huku mto ukiendelea kupanda.

Kuhusu mabwawa, ukweli una pande mbili. Kuna mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana katika sehemu ya juu ya mto: Kindaruma lililokamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, nalo huweza kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Maadamu lina nafasi, bwawa hilo humeza sehemu ya mafuriko na kuwapunguzia adha walio chini. Likisha kujaa, maji yanayozidi hupita juu ya njia yake ya kumwagia, na mabwawa yaliyo chini yake ni madogo mno kuweza kuyazuia. Katika hali hiyo si sahihi kusema kwamba mtu amewafungulia ninyi maji kwa nia mbaya, kwa kuwa maji hayo hayana tena pa kukaa. Hata hivyo malalamiko ya majirani zako hayakuzuka hewani. Bwawa la umeme huendeshwa kwa lengo la kumaliza msimu wa mvua likiwa limejaa, ili mitambo isikose maji wakati wa kiangazi, ilhali bwawa la kuzuia mafuriko hutakiwa kuingia katika msimu wa mvua likiwa na nafasi. Malengo hayo mawili hugongana, na kwa maoni yangu wakazi wa chini wana haki kamili ya kuuliza, kila mwaka kabla ya vuli, Masinga limefikia kiwango gani na limebakiza nafasi kiasi gani.

Kuna jambo la tatu ambalo husahaulika katika lawama. Mito kama Mutonga na Kathita, inayoteremka kutoka mashariki ya Mlima Kenya, huingia Tana chini ya Kiambere, yaani baada ya bwawa la mwisho. Hakuna kinachoizuia. Mvua kubwa ikinyesha Meru na Tharaka Nithi, mto unaweza kufurika hata kama Masinga halijamwaga tone moja, na ndiyo maana tangazo la mabwawa peke yake halitoshi kuwa onyo lenu.

Sasa nije kwenye muda. Maji yanayopita Garissa huchukua siku kadhaa kufika kwenu, kwa sababu ardhi ya huku ni tambarare na mto hujipinda mno, huku maji mengi yakitangatanga kwanza katika mabonde na maziwa ya kando kabla ya kuendelea na safari. Idadi ya siku hizo hubadilika kulingana na wingi wa maji na ukavu wa ardhi, kwa hiyo sitakupa tarakimu moja ya kushikilia. Nitakuomba ufanye jambo ambalo hakuna ofisi itakayokufanyia: mteue mtu wenu aliye Garissa, awe ndugu au mfanyabiashara anayeuona mto kila siku, apige simu kila unapopanda kwa namna isiyo ya kawaida, nanyi mwandike katika daftari la kijiji tarehe ya simu hiyo na tarehe maji yalipofika kwenu. Baada ya misimu mitatu au minne, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko makisio ya mtu yeyote anayeandika kutoka mbali, mimi nikiwa mmojawapo.

Kadhalika, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa msimu, usiishie kusoma mstari wa Tana River. Soma mistari ya kaunti za milimani nilizozitaja. Mwaka 2023 hali ya El Niño iliambatana na joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na mambo hayo mawili yanapokutana, vuli ya Afrika Mashariki huwa nzito. Ukisikia yametajwa pamoja tena, chukua hatua kabla ya Oktoba.

*Mimi ni mzee wa kijiji kando ya mto, si mbali na Hola. Tatizo langu si habari, kwa maana habari hufika. Tatizo ni kwamba watu hukataa kuhama. Mara moja tuliambiwa tuhame, tukahama, maji hayakufika, na tuliporudi tulikuta nyumba zimevunjwa na kuku wameibwa. Tangu hapo nikisema "hameni", vijana hunicheka. Nifanyeje?*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu inasema wazi jambo ambalo warsha nyingi hulikwepa. Watu wako wana akili timamu. Wamepima hasara ya kuhama, ambayo waliiona, dhidi ya hasara ya kubaki, ambayo wanaitarajia isitokee, wakaamua kama ambavyo mtu yeyote angeamua. Ukitaka waamue tofauti, punguza kwanza hasara ya kuhama.

Anza na ulinzi. Kubalianeni katika baraza, mbele ya chifu, kwamba kila familia itakapohama, vijana wanaojua kuogelea na wenye mitumbwi watabaki kwa zamu kwenye sehemu iliyoinuka karibu na kijiji, wakiwa na tochi na simu zilizochajiwa, na waondoke kwa pamoja maji yakifikia alama mliyokubaliana. Alama hiyo iwe ya kuonekana. Simikeni nguzo imara ukingoni, muigawe kwa rangi tatu: maji yakigusa rangi ya kwanza, vyakula na hati hufungwa, yakigusa ya pili, wazee, wajawazito, wagonjwa, walemavu na watoto wadogo huondoka, yakigusa ya tatu, haondoki tena mmoja mmoja bali kijiji kizima. Nguzo itakuondolea wewe mzigo wa kuwa mtu wa kuchekwa, maana hutakuwa wewe unayesema "hameni". Nilifanya kazi ya ugani katika kaunti jirani kwa miaka kadhaa, na mahali pekee nilipoona watu wakihama bila mabishano palikuwa kijiji ambacho alama ilichorwa na wanakijiji wenyewe kwenye shina la mwembe, pale pale maji ya gharika iliyotangulia yalipokuwa yameishia.

Jambo la pili ni mahali pa kwenda. Ardhi iliyoinuka mbali na mto, kama unavyojua kuliko mimi, ni malisho ya wafugaji, na njia zinazowafikisha wanyama wao mtoni, yaani malka, zinapita katikati ya mashamba ya wakulima. Wakati wa kiangazi mfugaji humhitaji mkulima amwachie njia ya kufika majini, na wakati wa gharika mkulima humhitaji mfugaji amwachie mahali pa kulala. Makubaliano hayo mawili yafaa kuzungumzwa katika kikao kimoja, kabla ya mvua, wazee wa pande zote wakiwepo, na yaandikwe: ni eneo gani, kwa kaya ngapi, vyoo vitachimbwa wapi, nani atakata kuni na wapi. Watu wanaotokea ghafla usiku na mikeka yao kwenye malisho ya wenzao, baada ya mwaka mzima wa ugomvi wa mipaka, hawapokelewi vizuri, na ugomvi unaozuka hapo unaweza kuwa mbaya kuliko maji yenyewe.

Vyoo nimevitaja kwa makusudi. Baada ya mafuriko, visima na mto huchanganyika na uchafu wa vyoo vilivyobomoka, na kipindupindu huweza kuingia kambini ndani ya siku chache. Vyoo vichimbwe kabla ya watu kufika, upande wa chini wa maji ya kunywa, na kila kaya iwe na dawa ya klorini ya kutibu maji pamoja na chombo chenye kifuniko. Kwa sababu kuni huwa mbichi wakati huo, ushauri wa kuchemsha maji peke yake hauwasaidii wengi.

Mfuko wa kila nyumba uwe na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi kwa walio nazo, kadi za kliniki, dawa za wanaotumia kila siku, kiberiti na mbegu. Hati zifungwe ndani ya plastiki mbili. Mbegu, mzee, wengi huzisahau, na maji yanapopungua ardhi huwa na rutuba na unyevu wa kutosha kwa mahindi, kunde na mboga, lakini mtu hana cha kupanda.

Na kuhusu ile mara moja ambayo maji hayakufika: waambie watu wazi kwamba itatokea tena. Anayesubiri hadi awe na hakika atakuwa na hakika maji yakiwa magotini.

*Mwaka uliopita, wiki chache baada ya maji kujaa katika mabonde ya malisho yetu, kondoo na mbuzi wangu wengi walitupa mimba karibu kwa wakati mmoja, na watoto waliozaliwa wakafa. Jirani aliniambia ni baridi ya mvua. Nilichinja wawili waliodhoofika, tukala. Je, kuna hatari? (Mfugaji, upande wa Bura)*

Ndugu mfugaji, hatari ipo, na kama kuna mtu katika kaya yako aliyepata homa kali baada ya hapo, hasa akitokwa na damu au akipungukiwa na uwezo wa kuona, afikishwe hospitali na mweleze daktari habari za wanyama hao. Kondoo na mbuzi kutupa mimba kwa wingi baada ya mafuriko ni dalili kuu ya homa ya Bonde la Ufa. Siwezi kusema kwa barua kwamba ndiyo iliyowapata, kwa kuwa yapo magonjwa mengine yanayoharibu mimba na ni maabara tu inayoweza kuyatofautisha, lakini dalili ulizozieleza zilitosha kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu hufuata maji kwa namna ya ajabu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde, na mayai hayo, mengine yakiwa tayari na virusi, huweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka. Bonde likijaa maji kwa muda, hupasuka yote pamoja. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, ambapo, baada ya mvua kubwa na mafuriko, ugonjwa ulianzia upande wa Garissa, ukafika Tana River na kwingineko, na zaidi ya watu 150 wakafariki nchini Kenya. Wengi waliopata madhara walikuwa watu waliogusa damu na viungo vya wanyama wagonjwa, au walioumwa na mbu.

Kwa hiyo usimchinje mnyama anayeumwa wakati wa mvua kubwa, wala usiguse kwa mikono mitupu mtoto wa kondoo au mbuzi aliyetoka mimba ilipotupwa. Mzike ndani sana, mikono ikiwa imefunikwa. Maziwa yachemshwe hata kama desturi ni kuyanywa mabichi. Chanjo ya mifugo ipo, lakini ni lazima itolewe kabla ya ugonjwa kuingia, kwa sababu sindano inayotoka mnyama hadi mnyama katikati ya mlipuko huweza yenyewe kueneza virusi. Wakati wa kuidai ni pale utabiri wa mvua nzito unapotolewa, wakati mabonde bado ni vumbi.

*Mimi ni mwalimu Madogo. Barabara ya kwenda Garissa inapofunikwa na maji, wanafunzi na wazazi huvuka kwa mashua au kwa miguu. Je, kuna kina ambacho ni salama?*

Mwalimu, hakuna kina cha kumwambia mtoto kwamba ni salama katika maji yanayokwenda kasi. Maji ya sentimita 15 tu yanayotiririka kwa nguvu huweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huweza kuliinua gari na kulibeba. Ongeza kwamba chini ya maji ya matope hujui kama barabara bado ipo, na kwamba mamba hutoka mtoni pamoja na maji. Mwishoni mwa Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu katika eneo hilo hilo la kwenu ilipinduka na watu wakapoteza maisha, kwa hiyo wazazi hawahitaji kusimuliwa mfano wa mbali. Mkubaliane kwamba hakuna mtoto anayepanda mashua bila jaketi la kuokolea maisha, hata kama foleni ni ndefu na mwenye mashua ana haraka, na kwamba shule ikizingirwa masomo husimama. Namba ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, nayo hupigwa bila malipo, iandikwe ubaoni.

Ongezeko dogo kwa wasomaji walio mbali na mto, upande wa magharibi: laga, yaani mito ya msimu, zinazotoka upande wa Kitui hazifuati kanuni nilizompa mama wa Garsen. Laga huweza kuwa kavu mchana na kujaa jioni hiyo hiyo. Hapo hakuna siku za kujiandaa, kuna saa tu, na kanuni ni moja: msilale wala msiegeshe gari ndani ya laga, hata usiku mmoja, hata anga likiwa safi.

*Sisi vijana wa Garsen tunaona kila mwaka wakubwa wakileta mablanketi na unga maji yakishaingia. Je, sheria inasema nani anawajibika, na fedha za maandalizi hutoka wapi?*

Kijana, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeuweka usimamizi wa majanga katika mikono ya serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Hiyo ina maana kwamba kila upande unaweza kuulizwa, ingawa mara nyingi humaanisha pia kwamba kila upande humwelekezea mwenzake kidole. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura, ambayo malipo yake katika mwaka wa fedha hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Lakini hazina hiyo ni kwa mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Mafuriko ya Tana hutarajiwa. Yamekuja na El Niño ya 1997, yakaja 2018, yakaja 2023 na 2024, na kila mtu mzima wa Garsen anaweza kuonyesha yalipofika. Kwa hiyo maandalizi yake yanafaa kuwa katika bajeti ya kawaida, pamoja na dawa za hospitali na barabara, na hapo ndipo vijana mnapoweza kufanya kazi kubwa.

Kwa upande wa ukame mfano upo tayari. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikieleza kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura, na hali ikipanda hatua fulani hutakiwa kuchukuliwa. Nadhani mafuriko yanastahili ngazi kama hizo, zikiwa zimefungamanishwa na vipimo vya mto vya Garissa na Garsen, na kila ngazi ikiwa na fedha zake zilizokwisha kutengwa.

Tarehe za kushika ni hizi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kila tarehe wananchi wana haki ya kutoa maoni, na maoni yaliyoandikwa, yenye sahihi na idadi ya kaya, ni vigumu kuyapuuza kuliko kelele za ukumbini. Msiandike "tunaomba maandalizi ya mafuriko". Andikeni mashua mbili za injini zitakazokaa Garsen, si makao makuu Hola, pamoja na mafuta yake na mafunzo ya waendeshaji wanne. Jaketi za kuokolea maisha 60. Nguzo za kupimia maji katika vijiji mnavyovitaja kwa majina. Vyoo katika maeneo ya kuhamia ambayo wazee wamekwisha kuyakubali. Na chanjo ya mifugo kabla ya Oktoba. Ambatanisheni nakala ya lile daftari la simu za Garissa, kama kijiji cha mama aliyeandika barua ya kwanza kitakuwa kimeanza kulijaza.